Takwimu za uandikishaji wa wapiga kura: zisome hivi kabla hujasema chama gani kinapanda

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni, habari ya siasa isiyo na namba haipewi kiti. Juzi kijana mmoja alifungua simu akasoma kwamba huko Marekani chama cha Democrats kimepungukiwa na wapiga kura waliojiandikisha chini ya jina lake, akauliza: "Ndiyo kinakufa?" Hajameza funda la pili, mwenzake akadakia: "Na hapa kwetu je? Daftari limeongezeka watu karibu milioni nane. Hao wote ni wa chama gani?" Mabishano yakaanza hapo mpaka muuza kahawa akamwaga makaa.

Swali la pili halina jibu kabisa, na nitaeleza kwa nini. La kwanza linalo, ila ni refu kuliko kichwa cha habari. Machi 2025 niliketi siku saba kwenye kituo kimoja cha uandikishaji wilayani Temeke nikiendesha mashine ya kuchukua alama za vidole. Tangu hapo kila nikisikia mtu anatamka "waliojiandikisha" naona foleni ile: nani alikuja, kwa sababu gani, na nani hakuja. Namba ya daftari hutengenezwa na foleni kama zile. Anayetaka kuisoma aanze na foleni, mshindi atakuja baadaye.

Chukua kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Jua umeshika daftari gani

Makosa mengi huanzia hapa, kwa hiyo usiharakishe.

Tanzania tunayo orodha tatu ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (mpaka 2024 ilikuwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi). Hili ndilo linalokupa kichinjio, yaani kadi ya mpiga kura, na ndilo linalotumika kuchagua rais, wabunge na madiwani. Zanzibar ina Tume yake na daftari lake kwa ajili ya uchaguzi wake, na masharti ya ukaazi ya huko ni tofauti. Kwa hiyo unapokuta jumla ya taifa, angalia kama imejumlisha pande zote mbili au ni Bara peke yake.

Ya pili ni orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa, inayosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hii huandikwa upya kila uchaguzi, mtaa kwa mtaa, na haina alama za vidole. Oktoba 2024 watu walijiandikisha kuanzia tarehe 11 hadi 20 kwa ajili ya uchaguzi wa Novemba 27. Miezi mitano baadaye, kituoni kwangu, walikuja wengi wakishangaa: "Si nilishajiandikisha mwaka jana pale kwa mwenyekiti?" Ndiyo, alijiandikisha, lakini kwenye kitabu kingine. Ukikuta mtu amechukua idadi ya TAMISEMI ya 2024 akaifanya ya "mwaka jana" na ya Tume ya 2025 akaifanya ya "mwaka huu", kisha akatangaza ongezeko, mwambie amelinganisha embe na chungwa.

Ya tatu ni wanachama wa vyama. Hiyo haimo kwenye daftari lolote la wapiga kura. Mwandikishaji hakuulizi wewe ni wa chama gani, na fomu haina sehemu hiyo. Chama huhesabu kadi zake chenyewe na kutangaza chenyewe. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka chama kinachoomba usajili wa kudumu kionyeshe angalau wanachama 200 wenye sifa ya kuwa wapiga kura katika kila mkoa, kwenye mikoa isiyopungua 10, ikiwemo Unguja na Pemba. Hicho ni kizingiti cha kuingilia mlangoni. Hakitoi takwimu za kila mwaka unazoweza kuzichorea mstari.

Ndiyo maana swali la yule bwana wa kijiweni halijibiki. Walioongezeka hawajulikani ni wa nani, kwa sababu hawakuulizwa.

Marekani, katika majimbo yapatayo 30, wanaulizwa. Unapojiandikisha kupiga kura unachagua Democrat, Republican, chama kingine au kutokuwa na chama, na jimbo linatangaza idadi hizo hadharani. Lakini tahadhari: majimbo makubwa kama Texas, Michigan, Georgia na Wisconsin hayaandikishi watu kwa vyama. Habari yoyote inayosema "Wamarekani milioni kadhaa wamehama chama" imeacha majimbo hayo nje, hata kama haikusema hivyo.

Hatua ya 2: Uliza majina yanaingiaje na yanatokaje

Daftari lina milango miwili, na kila mlango una utaratibu wake. Ukishaujua, nusu ya kazi umemaliza.

Wanaoingia kwetu ni waliotimiza miaka 18 pamoja na watakaoitimiza kufikia siku ya kupiga kura. Huo mstari wa mwisho ni muhimu. Dar es Salaam tuliandikisha Machi 17 hadi 23, 2025, na uchaguzi ulikuwa Oktoba 29. Nilichukua alama za vidole za watoto wa sekondari waliokuwa bado na miaka 17, na ilikuwa halali kabisa. Kwa hiyo ukigawanya idadi ya walioandikishwa kwa idadi ya watu wazima wa mwezi Machi, tayari umekosea kidogo.

Sheria nayo hubadilika. Kwa uchaguzi wa 2025 waliandikishwa pia mahabusu na wafungwa wenye vifungo vya chini ya miezi sita. Ni wachache kwa taifa zima, ila ukiwa unachambua kata yenye gereza utashangaa namba imetoka wapi.

Halafu wapo wanaoonekana kwenye foleni lakini hawaongezi hata jina moja. Kituoni kwangu hao walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia: aliyepoteza kadi, ambaye kadi imefutika, aliyehama kutoka Tanga kuja Mbagala, ambaye jina lake liliandikwa Mwanahamis badala ya Mwanahamisi. Mtu akipita na bodaboda akaona foleni ya mita mia anasema uandikishaji umefurika. Urefu wa foleni hauonyeshi idadi ya wapiga kura wapya.

Mlango wa kutokea ni mwembamba zaidi, na hapo ndipo takwimu huharibika. Jina la marehemu halitoki lenyewe. Lazima mtu aje aseme. Siku ya nne alikuja mzee mmoja ameshika kadi mbili, yake na ya mkewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu mama yako ametangulia tangu mwaka juzi. Mtoeni, asije mtu akamsumbua huko aliko."

Nilimpa pole, nikamwelekeza kwa mwandikishaji ajaze fomu. Mpaka tunafunga kituo, kwa kumbukumbu yangu, hakuja mwingine na ombi kama hilo. Na mitaa ile nimehudhuria misiba mingi tu.

Sasa weka hilo kwenye namba za taifa. Kabla ya uboreshaji wa daftari ulioanzia Kigoma Julai 20, 2024, Tume ilitangaza matarajio yake: kutoka wapiga kura 29,754,699 waliokuwemo, waingie wapya 5,586,433, waondolewe 594,494, daftari lifike 34,746,638. Lilipokamilika lilikuwa na 37,655,559. Yaani lilipita matarajio kwa zaidi ya milioni 2.9. Mtu anayesoma jumla ya mwisho tu haoni hili. Anayeandika waingiao upande mmoja na watokao upande mwingine analiona papo hapo, na swali linakuwa la maana: ziada hii imetoka kwa waingiao kuwa wengi, au kwa watokao kuwa wachache?

Marekani mlango wa kutokea una kibaraza. Sheria ya mwaka 1993 inakataza kumfuta mtu kwa sababu ya kuhisiwa tu kuwa amehama. Hutumiwa barua kwanza, asipojibu anawekwa kundi la "wasio hai" (yaani wasioonekana kushiriki, siyo marehemu), na anaweza kufutwa baada ya chaguzi mbili za taifa kupita bila yeye kupiga kura. Florida, kwa mfano, idadi za vyama zinazotangazwa ni za walio hai tu. Maelfu wanaweza kuhamishiwa kibarazani mwezi mmoja na chama chao kikaonekana kimeanguka, ilhali hakuna aliyebadili mawazo, na wakienda kituoni bado wanaweza kupiga kura. Kila ukiona mshuko wa ghafla wa mwezi mmoja, shuku ufagio, yaani usafishaji wa daftari, kabla ya kushuku siasa.

Hatua ya 3: Panga mfululizo mrefu, siyo miaka miwili

Namba mbili hazitoshi kuonyesha mwenendo. Hizi hapa jumla za waliojiandikisha Tanzania tangu daftari la kudumu lianze kutumika kwenye uchaguzi mkuu:

2005: 16,401,694
2010: 20,137,303
2015: 23,161,440
2020: 29,754,699
2025: 37,655,559

Piga hesabu ya ongezeko. Kwenye namba mpya toa ya zamani, kilichobaki gawa kwa ile ya zamani, zidisha kwa 100. Utapata takriban asilimia 22.8, kisha 15, kisha 28.5, kisha 26.6.

Angalia hiyo 15. Mtu wa haraka atasema kati ya 2010 na 2015 Watanzania walipoteza hamu ya kupiga kura. Lakini 2015 ndio mwaka ambao sote tulianza upya. Mashine za alama za vidole zilianza kazi Njombe Februari, Dar es Salaam zikafika Julai, na kila mtu, hata aliyekuwa na kadi ya zamani, alipanga foleni upya. Marehemu hawakupanga foleni. Waliokuwa na kadi mbili walipata moja. Daftari lilipungua uzito kwa upande huo huku likijazwa na vijana kwa upande mwingine, na ongezeko likaonekana dogo. Kwa maoni yangu 15 ile ndiyo namba safi kuliko zote nne, ingawa ndiyo inayoonekana mbaya.

Na sasa rudi nyuma kidogo: 2010 waliopiga kura walikuwa asilimia 42.8 tu ya walioandikishwa, wakati 2005 walikuwa zaidi ya 72. Watu walizungumza sana kuhusu uvivu wa wapiga kura mwaka ule. Sehemu ya uvivu huo ilikuwa ya daftari lenyewe: likibeba majina ya waliofariki na waliohama, asilimia ya waliojitokeza lazima ishuke, hata kama walio hai wote wangekuja.

Kwa hiyo pembeni ya kila mwaka kwenye jedwali lako andika neno moja: *jipya*, *limeboreshwa*, *limefagiliwa*. Bila neno hilo namba haijakamilika.

Hatua ya 4: Weka sensa mezani

Daftari haliwezi kukua kuliko watu. Hii ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ni rahisi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ukuaji wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Zidisha mara tatu kwa 1.032 ufike 2025: unapata kama milioni 67.9. Karibu nusu ya Watanzania wana umri chini ya miaka 18. Kwa hiyo watu wazima ni kama milioni 34, tuseme 35 ukiwa mkarimu. Daftari lilikuwa na milioni 37.7.

Usinichukulie maneno yangu peke yake. Chukua kipimo cha serikali. Mwaka 2024 TAMISEMI ililenga kuandikisha Tanzania Bara watu 32,987,579 wenye sifa, ikaandikisha 31,282,331, sawa na asilimia 94.83. Mwaka uliofuata daftari la Tume kwa upande wa Bara lilikuwa na 36,650,932. Kati ya lengo lile na daftari hili kuna pengo la zaidi ya milioni 3.6, na wanaotimiza miaka 18 ndani ya mwaka mmoja ni sehemu tu ya pengo hilo.

Hapa ndipo wengi hukimbilia neno zito. Mimi nakuomba uandike maswali kwanza. Marehemu wangapi hawajaondolewa? Makadirio ya idadi ya watu yako chini kiasi gani? Waliohamisha taarifa wameondolewa kule walikotoka? Hayo ni maswali ambayo mwananchi ana haki ya kuuliza na Tume ina wajibu wa kuyajibu kwa jedwali, kata kwa kata. Kuyauliza siyo uchochezi, na pengo peke yake bila majibu hayo halijathibitisha wizi.

Ukishuka ngazi ya mkoa, uwiano hubadilika. Dar es Salaam sensa ilikuta watu 5,383,728. Tume ilitarajia mkoa ufike wapiga kura 4,071,337 baada ya uboreshaji. Hata ukikuza idadi ya watu mpaka 2025 kwa kasi ya mkoa huu ya kama asilimia 2.1, wapiga kura ni kama 71 katika kila watu 100. Kitaifa ni kama 55. Je, kuna tatizo? Siyo lazima. Huu ni mji wa watu wazima: vijana hushuka stendi ya Magufuli pale Mbezi kila siku kutafuta kazi, watoto wakabaki mkoani kwa bibi. Lakini pia wapo waliojenga Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, wakahama, na majina yao yamebaki Sinza. Sababu zote mbili zinavuta namba upande mmoja, na daftari pekee haliwezi kukuambia kila moja imechangia kiasi gani.

Hatua ya 5: Hakikisha mipaka haijasogea

Hii ni fupi. Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, mawili yakiwa Dar es Salaam: Kivule lililomegwa Ukonga, na Chamazi lililomegwa Mbagala. Ukilinganisha waliojiandikisha Ukonga 2020 na Ukonga 2025 utaona watu wamepotea. Wako Kivule, wanakunywa chai. Jumlisha Ukonga na Kivule, Mbagala na Chamazi, ndipo ulinganishe na 2020.

Hatua ya 6: Namba zenye jina la chama zichambue kwa tabaka

Sasa twende kwa habari ya yule kijana. Umepata namba za jimbo la Marekani, chama A kimepungua, chama B kimeongezeka. Fanya haya.

Tenganisha waliohama chama na waliotoka daftarini. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, chama A kimepoteza watu 100: waliofariki 60, waliohamia jimbo lingine 25, waliofuta chama na kubaki huru 10, waliokwenda chama B 5. Kichwa cha habari kitasema 100 wamekikimbia. Waliokikimbia ni 15, na waliomfuata mpinzani ni 5. Chama chenye wafuasi wengi wazee kinaweza kushuka kwa misiba tu.

Angalia wasio na chama. Nevada wamekuwa kundi kubwa kuliko Democrats na kuliko Republicans. Sababu mojawapo ni ya kiofisi: ukienda kuchukua leseni ya udereva unaandikishwa moja kwa moja, na usipochagua chama unahesabiwa huna. Kijana ambaye hakujaza kisanduku hakutoa tamko la kuvikataa vyama. Vyama vyote viwili vikishuka kwa asilimia wakati idadi zao hazijapungua, tafuta utaratibu wa namna hii kwanza.

Soma majina kwa makini. California kuna chama kiitwacho American Independent Party, chama kidogo cha mrengo wa kulia. Gazeti la Los Angeles Times lilipowafuatilia wanachama wake mwaka 2016, karibu robo tatu hawakujua wamo. Walidhani wamejaza kwamba hawana chama. Namba ya chama hicho ilikuwa kubwa na haikuwa na maana yoyote.

Uliza faida ya kuwa na jina la chama. Pennsylvania na Florida hawamruhusu asiye mwanachama kupiga kura kwenye uchaguzi wa awali wa chama. Mahali ambapo chama kimoja kinashinda siku zote, mtu mwenye akili hujiandikisha humo hata kama hakipendi, apate sauti pale uamuzi unapofanyika. Sisi hili tunalijua vizuri. Wapo watu Dar es Salaam wenye kadi ya CCM, chama tawala, kwa sababu ya kura za maoni, yaani zile za kuteua wagombea ndani ya chama, na wapo wenye kadi mbili kabatini. Kadi huonyesha mtu anataka kuingia mlango gani. Atakachofanya siku ya kura ni jambo lingine.

Na hili nalisisitiza: uandikishaji huja nyuma ya kura, mara nyingi kwa miaka mingi. Kentucky imempa mgombea urais wa Republican ushindi kila uchaguzi tangu 2000, lakini kwenye daftari Democrats waliendelea kuwa wengi mpaka Julai 2022. Miaka 22! Wazee walikuwa wamehama moyoni zamani, hawakuona haja ya kwenda ofisini kubadili fomu. Walipozidiwa kwenye daftari magazeti yakaandika kama vile jimbo limegeuka wiki ile. Na jimbo hilohilo lilimchagua gavana wa Democrats, Andy Beshear, mwaka 2019, likamrudisha 2023. Pennsylvania mwaka 2016 Democrats walikuwa mbele kwa zaidi ya watu 900,000 waliojiandikisha, na Trump akashinda kwa kura 44,292. Aliyetegemea daftari peke yake alilala akiwa na uhakika.

Mwisho wa tabaka hizi, chunga maneno. Chama kikitoka asilimia 40 kwenda 44 kimepanda pointi nne, lakini kimekua kwa asilimia 10. Wapambe huchagua ile inayowapendeza.

Hatua ya 7: Weka kura pembeni ya daftari

Mwaka 2015 walipiga kura watu kama milioni 15.6. Mwaka 2020, milioni 15.1. Kati ya miaka hiyo daftari lilipata majina mapya zaidi ya milioni 6.5, na waliopiga kura wakapungua kwa nusu milioni. Namba hizi mbili nazirudia kila mahali kwa sababu hakuna mfano bora kuzidi huu wa kuonyesha kwamba kujiandikisha ni jambo moja na kupiga kura ni jingine. Wengi huchukua kichinjio kwa sababu ni kitambulisho kinachofaa kwa mambo mengine, kuanzia benki mpaka kusajili laini ya simu ilivyokuwa zamani.

Kwa mwaka 2025 Tume ilitangaza kwamba waliojitokeza ni asilimia 87. Ukiweka namba hiyo kwenye mstari mmoja na za nyuma, andika na mazingira yake: Chadema, chama kikuu cha upinzani, haikuwa kwenye karatasi ya kura, intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, damu ilimwagika mitaani, humu mjini mwetu pia, na waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufuata misingi ya umoja huo. Ruka kutoka asilimia 50.7 ya mwaka 2020 hadi 87 bila kutaja hayo na utakuwa umechora mstari usiosema ukweli, hata kama kila tarakimu umeinakili sawasawa.

Usichanganye pia kuhama kwa wanasiasa na kuhama kwa wapiga kura. Mwaka 2015 upinzani ulishinda majimbo sita kati ya kumi ya Dar es Salaam: Kawe, Ubungo, Kibamba, Ukonga, Temeke na Kinondoni. Baadaye wabunge watatu kati ya hao, wa Kinondoni, Ukonga na Temeke, walihamia CCM. Kinondoni ikarudia uchaguzi Februari 2018, mbunge yuleyule akashinda kwa chama kipya, na waliojitokeza hawakufika robo ya walioandikishwa. Je, Kinondoni ilibadili chama? Zaidi ya robo tatu ya daftari haikusema neno lolote siku ile. Mchambuzi mwaminifu anaandika hivyo hivyo: hawakusema.

Hatua ya 8: Andika hitimisho lako kwa kipimo

Kabla hujatuma kwenye kundi la WhatsApp, chora safu sita: mwaka, daftari lipi, waliomo, walioingia, waliotoka, waliopiga kura. Safu ya saba iwe ya maelezo: mipaka, sheria mpya, ufagio, nani hakushiriki. Pasipo na namba acha wazi. Usikisie, maana pengo linaloonekana litakukumbusha cha kutafuta.

Kisha jaribu sentensi yako. "Chama fulani kinakufa" haipiti. "Waliojiandikisha kwa chama hiki katika jimbo hili wamepungua tangu mwaka fulani, sehemu kubwa ikiwa ni majina yaliyohamishiwa kundi la wasio hai" inapita. "Vijana wa Dar wameamka" haipiti mpaka uonyeshe umri wa walioandikishwa, siyo jumla yao.

Yule kijana wa Magomeni nilimchorea safu hizo nyuma ya boksi la maandazi. Akaandika za Pennsylvania, akaanza za Temeke, akakwama kwenye safu ya waliotoka. Akaniuliza hizo zinapatikana wapi kwa ngazi ya kata. Nikamwambia aanze kwa mtendaji wa kata yake, apeleke swali kwa maandishi, abaki na nakala yenye muhuri.